Fantasi mnapiga hesabu, Simba na Yanga mnapiga kelele

Wadau, leo nina ugomvi. Si na wazee wa kahawa na kashata pale Mtaa wa Msimbazi, wala si na vijana wanaouza jezi kwenye meza za Mtaa wa Congo. Hao wana haki yao ya kushangilia wanachotaka. Nagombana na nyie wenye digrii zenu, mnaoshinda kwenye maghorofa ya Posta na Samora, mnaoijua Excel kuliko bosi wenu. Nyie ndio mnaonisikitisha.

Hebu mtazame msomi wa namna hiyo siku ya Ijumaa jioni, saa chache kabla Fantasy Premier League haijafunga usajili wa wiki. Anataka kumuuza mshambuliaji wake, amlete mwingine. Uhamisho wake wa bure wa wiki hiyo ameshautumia, kwa hiyo huyu wa pili atamgharimu pointi 4. Jamaa anaacha kula. Anaangalia mechi tano zijazo za yule anayetoka na za yule anayeingia. Nani anacheza nyumbani, nani anakwenda ugenini, nani anapiga penalti, nani kocha wake ana tabia ya kumtoa dakika ya 60. Anajua kwamba bao la mshambuliaji ni pointi 4 na la kiungo ni 5, kwa hiyo kiungo anayefunga ana faida zaidi. Anajua kwamba kama alimnunua mtu kwa 6.0 akapanda hadi 6.6, akimuuza hapati 6.6, anapata 6.3, maana mchezo unamkata nusu ya faida. Anajua kwamba akishamuuza, kumrudisha kutakuwa ghali kuliko bei aliyomnunulia mwanzo. Baada ya hesabu zote hizo anaamua: hapana, zile pointi 4 hazirudi, namwacha.

Jamani, huo ni uchambuzi! Kwa mchezo usiomlipa hata nauli ya daladala, mtu anapima gharama, anapima mbadala, anapima muda.

Jumatatu mtu huyohuyo anasikia klabu yake imeuza mchezaji nje. Excel inafungwa na akili inafungwa nayo. Swali lake linakuwa moja tu: "Dola ngapi?" Akitajiwa tarakimu nene anapiga ukunga, "Tumepiga hela!" Akitajiwa ndogo anasema viongozi wezi. Basi, mjadala umekwisha. Anayetoka anaacha pengo gani, nani anaingia, hela inalipwa lini na kwa awamu ngapi, mkataba uliobaki ulikuwa wa muda gani, wakala anachukua kiasi gani, kuna asilimia ya mauzo ya baadaye au hakuna... kimya. Ugomvi wangu ndio huo.

Mimi ni mnazi wa timu gani? Halikuhusu. Nitawagusa wote.

Tuanze na Okwi. Emmanuel Okwi, Mganda, alikuwa roho ya Simba. Siku ya Mei 6, 2012 Simba ilipoifunga Yanga 5-0, mawili yalikuwa yake. Januari 2013 akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia, na bei iliyotangazwa ni dola 300,000. Kwa shilingi ya wakati ule ni zaidi ya milioni 450. Msimbazi sherehe. Magazeti ya michezo yalishangilia kana kwamba zile noti zimeshamwagwa mezani. Kumbe hazijafika! Waarabu hawakulipa, Okwi mwenyewe akagombana nao kuhusu mishahara, FIFA ikaingia kati, akapewa ruhusa ya muda ya kucheza SC Villa kwao Kampala. Simba inaendelea kudai, Desemba 2013 mtu akatua... Yanga! Ile ilikuwa ngoma nzito. Mchezaji uliyemuuza kwa dola 300,000 ambazo hujazipata anavaa jezi ya kijani mtaa wa pili kutoka kwako.

Na uwanjani? Simba iliyokuwa bingwa 2011/12 ilimaliza msimu wa 2012/13 nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Simwekei Okwi mzigo wote, timu ile ilikuwa na matatizo mengine mengi. Ila nauliza: mauzo yale tuliyapima kwa kipimo gani hata tukasema ni mazuri? Kwa kichwa cha habari. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi ni ahadi, na ahadi inapimwa kwa mtoa ahadi. Muuza vitenge wa Mtaa wa Sikukuu anajua hilo. Akikopesha mzigo kwa mteja wa mkoani anaangalia kwanza huyo mteja ni nani. Sisi wasomi hatukuangalia.

Sasa njoo 2021, hapa ndipo pana nyama. Simba walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Februari 23 mwaka huo walikuwa wameifunga Al Ahly, bingwa wa Afrika, 1-0 pale kwa Mkapa, mfungaji Luis Miquissone. Wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nguzo za mbele zilikuwa mbili, Clatous Chama na huyo Miquissone. Agosti wote wawili wakauzwa kwenye dirisha moja: Chama RS Berkane ya Morocco, Miquissone Al Ahly. Bei zikatajwa, kila kijiwe na yake, na kote wimbo ulikuwa uleule: biashara kubwa haijapata kutokea katika soka la Bongo.

Nipe kalamu. Oktoba 2021 Simba wanacheza na Jwaneng Galaxy ya Botswana kuwania kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Wanashinda 2-0 Gaborone. Wanarudi nyumbani wakiwa wameshafuzu kichwani, wanapigwa 3-1, na bao la ugenini linawatoa. Wakashushwa Kombe la Shirikisho. Zawadi za CAF kwa miaka ile zilikuwa wazi kwa kila mtu: ukiingia tu makundi ya Ligi ya Mabingwa, hata ukishika mkia, klabu inapata dola 550,000. Robo fainali ni 650,000. Kule Shirikisho robo fainali, ambayo Simba walijitahidi wakafika kabla ya kutolewa kwa penalti na Orlando Pirates, ilikuwa 350,000. Kwa hiyo kati ya kushika mkia huku na kufika robo fainali kule, pengo ni dola 200,000. Ukilinganisha na robo fainali waliyofika msimu uliotangulia, pengo ni 300,000. Na hapo sijagusa viingilio wala bei ya jina la klabu mbele ya wadhamini.

Kisha ligi. Yanga wakachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja, na wakauendeleza 2022/23, 2023/24 na 2024/25.

Kisha kichekesho chenyewe. Januari 2022, miezi mitano tu baadaye, Simba wakamrudisha Chama. Sherehe tena! Lakini alikuwa ameshaichezea Berkane katika Kombe la Shirikisho msimu uleule, kwa hiyo Simba hawakuweza kumtumia kwenye michuano ileile waliyokuwa wakimhitaji. Na kwenye kundi walikuwa na nani? Na Berkane. Ambao ndio waliolibeba kombe. Miquissone naye akarudi Msimbazi 2023. Kwenye Fantasi, mtu akimuuza mchezaji wiki ya 1, akamrudisha wiki ya 5, na akirudi hawezi kumchezesha, kundi zima la WhatsApp linamcheka hadi anajitoa. Kwa Simba tulipiga vigelegele mara mbili, siku ya kuuza na siku ya kurudisha.

Najua mtakachosema. "Hukuwepo kwenye meza, wachezaji wenyewe walitaka kuondoka, ofa za Waarabu hazikataliki." Kweli kabisa. Mchezaji akitaka kwenda, kumzuia ni kumlea adui ndani ya nyumba. Mtasema pia Jwaneng walishinda kwa uzembe wa dakika 45, siyo kwa sababu Chama hayupo. Inawezekana. Ila angalieni vizuri: mimi sisemi Simba wasingewauza. Nasema waliuzwa wawili dirisha moja, bila mtu ndani ya nyumba aliyekuwa ameshazoea kazi yao, na sisi mashabiki tulisoma upande mmoja tu wa daftari. Kwenye Fantasi hauzi viungo wako wawili bora wiki moja halafu ukaingia uwanjani na benchi.

Na kama mnadhani nachukia mauzo, tazameni Jangwani 2023. Fiston Mayele alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, Yanga wakifika fainali na kukosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Akauzwa Pyramids ya Misri. Kiangazi kilekile akaondoka kocha Nabi, akaondoka na Feisal kwenda Azam. Kila mtu Msimbazi alikuwa anachinja mbuzi. Nini kikatokea? Novemba 5, 2023 Yanga wakaifunga Simba 5-1. Wakachukua ligi. Wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuisumbua Mamelodi Sundowns dakika 180 bila kufungwa hata bao, wakatolewa kwa penalti. (Lile bao la Aziz Ki lililokataliwa kule Pretoria tuliache, tutakesha.)

Kwa nini hawakuanguka? Kwa sababu mbadala alikuwa ameshalala ndani ya nyumba. Stephane Aziz Ki alisajiliwa 2022, mwaka mzima kabla Mayele hajauzwa. Alikuwa ameshazoea joto la Dar, ameshazoea viwanja vya mikoani. Walipoongezwa Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli, mabao yaliyokuwa ya mtu mmoja yakagawanywa. Aziz Ki peke yake akapachika 21 kwenye ligi, akawa mfungaji bora. Hayo ndiyo mauzo. Mayele naye Juni 2025 alifunga kwenye fainali ya pili Pyramids wakibeba Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo mnunuzi naye hakuliwa. Haikuwa lazima mmoja alie.

Lakini hata hapo, wana Jangwani, msinitolee meno. Ukiwauliza Mayele aliuzwa kwa kiasi gani mnanipa bei kumi na mbili tofauti. Mnajua idadi ya mabao yake, mnajua namna anavyoshangilia, mnaweza kuigiza mtetemo wake harusini. Bei hamjui, na hamjawahi kukasirika kwamba hamjui.

Tena kinachochekesha ni kwamba tarakimu zinazovuja huwa ni zile za kumdhalilisha mchezaji. Sakata la Feisal lilipolipuka Desemba 2022, nchi nzima ilijua kwamba aliweka milioni 112 ili avunje mkataba, yaani milioni 100 na mishahara ya miezi mitatu. Hadi mama lishe alishajua mshahara wa Fei Toto kwa mwezi, gawanya mwenyewe. Watu wakamtukana, wengine wakamtetea, suala likafika TFF, na Juni 2023 hadi Rais Samia akaligusia Ikulu wakati anawapongeza Yanga. Mshahara wa kijana ukawa mali ya umma. Lakini Azam walipokuja kumaliza mambo na Yanga, hela iliyopita mezani ikarudi kuwa siri ya familia.

Chama tena, Julai 2024. Mkataba wake Simba ukaisha, akavuka barabara kwenda Yanga. Msimbazi akaitwa msaliti, jezi zikachomwa kwa maneno na nyingine kwa moto. Mie nilishangaa. Mchezaji wa miaka 33 mkataba umeisha, anakwenda anakotaka, sheria ndivyo ilivyo. Swali la maana lilikuwa la miezi kumi na miwili nyuma: mkataba ukibakiza mwaka mmoja, unamwongezea au unamuuza? Kila siku inayopita bei yake inayeyuka kama barafu la Feri, na siku ya mwisho inakuwa sifuri. Sikusema Simba wangemuuza, huenda mwaka ule mmoja wa huduma yake ulikuwa na thamani kuliko hela yoyote. Basi tupigwe hesabu hiyo tuione.

Wacha niwape mfano wa kubuni, tarakimu zangu mwenyewe, msije mkaniambia nimetaja klabu. Umemnunua mshambuliaji kwa dola 90,000, mkataba miaka 3. Kila msimu anakula 30,000 ya bei yake. Baada ya misimu miwili unamuuza 200,000. Kijiweni watasema faida ni 110,000. Mhasibu atasema 170,000, kwa sababu kwenye vitabu alikuwa amebaki 30,000. Sasa toa asilimia 10 ya wakala, toa na asilimia 10 uliyoahidi klabu iliyokuuzia, zinabaki 160,000 mkononi. Mbadala wake sokoni ni 120,000, na anataka 30,000 ya kusaini. Umebaki na dola 10,000, na mtu mgeni ambaye hujui kama atafunga bao kabla ya Krismasi. Hapo ndipo unaamua kama umeuza au umebadilishana. Hesabu hii ni ya darasa la saba. Nyie mmesoma hadi Mlimani!

Kuna na hela nyingine ambayo hatuiulizi kabisa. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akihama kwa malipo kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Misimu ya miaka 16 hadi 23, kila mmoja una nusu asilimia ya ada yote. Mbwana Samatta, kabla ya kwenda TP Mazembe 2011, alipita Mbagala Market, ambayo baadaye ikawa African Lyon, kisha Simba msimu aliotimiza miaka 18. Januari 2020 akauzwa kutoka Genk kwenda Aston Villa, na vyombo vya Uingereza viliripoti ada ya karibu pauni milioni 8.5. Nusu asilimia yake ni pauni 42,500 kwa msimu mmoja uliokamilika. Kwa shilingi ya siku zile, kama milioni 127. Kwa klabu ya mtaani ya Mbagala hiyo ni mipira, viatu, basi na uwanja.

Mliokuwa mnacheza Fantasi msimu ule nawajua, nusu yenu mlimweka Samatta kwa uzalendo, na alipofunga na Bournemouth Februari 1 mlirusha picha za pointi zenu kila mahali. Sikusikia hata mmoja akiuliza African Lyon wamepata ngapi.

Jibu la viongozi huwa ni lile lile: biashara ina siri, tukitaja bei wapinzani watatujua. Changa la macho hilo. Borussia Dortmund, Ajax, Manchester United wako kwenye masoko ya hisa na wanatoa hesabu zao kila mwaka, mpinzani yeyote anazisoma bure, na bado wananunua na kuuza. Na mtu anayetaka kumjua mpinzani wake Kariakoo hasubiri taarifa ya fedha, anakwenda kunywa kahawa tu.

Tena siri kwa nani? Serikali ilisema wazi kwamba klabu za wanachama zikibadilika kuwa kampuni, mwekezaji asizidi asilimia 49 na 51 zibaki kwa wanachama. Mo Dewji alipoweka bilioni 20 mezani Simba, ilikuwa kwa hizo 49. Sasa mwenye 49 hawezi kukosa kujua mchezaji ameuzwa kiasi gani. Mwenye 51 anasoma Instagramu. Kwenye mikutano mikuu nakiri husomwa mapato na matumizi, mabilioni yanatajwa, ukumbi unalipuka makofi. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo, na kigumu zaidi: mstari mmoja kwa kila mchezaji aliyeuzwa. Aliingia kwa kiasi gani, katoka kwa kiasi gani, kilicholipwa ni kipi, kinachodaiwa ni kipi, na klabu imebakiza asilimia gani akiuzwa tena.

Wazee wa Msimbazi na Jangwani hawatauliza hayo, wao wamezoea kuuliza kwa nini kocha hajampanga fulani. Nyie mna kadi za uanachama kwenye pochi, mmelipia ada kwa simu, na mna muda, maana nimewaona mkitumia saa tatu kuamua kama mumpe unahodha Haaland au Salah. Mkutano ujao, kabla pilau haijagawiwa, anyoshe mkono mmoja wenu aulize kuhusu mchezaji mmoja tu. Atazomewa, hilo namhakikishia. Mie nitakuwa kwenye viti vya waandishi, nitaandika jina la swali lake na jibu atakalopewa, neno kwa neno.